Kunyamaza kwa Mawimbi Mafupi: Uraibu wa Usikilizaji na Hatima ya Idhaa za Kiswahili za Ng'ambo

1. Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika karne ya ishirini imeandikwa zaidi kwa kuchunguza vitabu, magazeti, kamati za usanifishaji na mitaala ya shule. Hayo yote yastahili nafasi yaliyopewa. Lakini iko njia nyingine ambayo lugha hii ilisafiri kwayo, nayo haikuacha karatasi nyingi nyuma yake. Njia hiyo ni ya hewani. Kwa zaidi ya nusu karne, mtu aliyekuwa Lamu, Kisumu, Tabora au Bukavu aliweza kuketi jioni mbele ya redio ndogo ya betri, akasikia Kiswahili kikisemwa kutoka Cairo, London, Moscow, Peking, Cologne na Washington. Redio hiyo haikutegemea mnara wa jirani wala waya wa umeme. Ilitegemea mawimbi mafupi, ambayo huvuka bahari na mipaka bila kuuliza hodi.

Nyingi kati ya sauti hizo sasa zimenyamaza, au zimehamia katika njia nyingine. Makala haya yana makusudio matatu. Kwanza, yataeleza jinsi mawimbi mafupi yafanyavyo kazi, na uraibu uliojengeka juu yake. Pili, yatafuatilia kuzuka na kupungua kwa idhaa zilizotangaza kwa njia hiyo, hasa zile za Kiswahili. Tatu, yatauliza ni nini kilichopotea kwa mwanafunzi wa lugha, na ni nini ambacho bado chaweza kuokolewa. Hoja yangu ni kwamba kunyamaza kwa mawimbi mafupi si habari ya mafundi mitambo peke yao. Ni sura moja katika historia ya lugha yetu ambayo yafungwa kabla haijaandikwa.

2. Tatizo la istilahi

Kabla ya kuingia katika jambo lenyewe hatuna budi kulitazama jina lake, maana jina hilo lina kasoro. Watangazaji wengi wamezoea kusema "masafa mafupi". Neno masafa limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali wa mahali na mahali. Basi msikilizaji asiyejua elimu ya mawimbi, aambiwapo kwamba idhaa fulani yasikika katika masafa mafupi, ana haki ya kufikiri kwamba sauti hiyo haifiki mbali. Ukweli ni kinyume kabisa cha hayo. Mawimbi haya ndiyo yafikayo mbali kuliko mengine yatumikayo katika utangazaji wa sauti. Kilicho kifupi si mwendo wa sauti, bali ni urefu wa wimbi moja, kutoka kilele chake hadi kilele kinachofuata.

Hata hivyo matumizi ya lugha hayangoji idhini ya mantiki. Neno masafa limekwisha kupanuka. Twasema "masafa ya FM" tukikusudia idadi ya mitikisiko ya wimbi kwa sekunde moja. Hivyo neno moja sasa labeba dhana tatu: umbali, urefu wa wimbi, na idadi ya mitikisiko. Katika makala haya nitatumia "mawimbi mafupi" kwa aina ya mawimbi yenyewe, "masafa" kwa idadi ya mitikisiko ihesabiwayo kwa kilohezi na megahezi, na "mita bendi" kwa yale mafungu ya mawimbi ambayo mataifa yamekubaliana kuyatengea utangazaji. Uhusiano wa dhana hizo ni wa hesabu rahisi: ukigawanya 300 kwa idadi ya megahezi, wapata urefu wa wimbi kwa mita. Idhaa iliyo katika megahezi 12 ina wimbi la mita 25. Ndiyo sababu watangazaji walipotaja "mita bendi ya 25" na "kilohezi 12,000" walikuwa wakitaja mtaa mmoja kwa majina mawili.

Neno "idhaa" nalo ni la Kiarabu, na limetulia vizuri zaidi. Wasikilizaji wetu walilitofautisha na "redio": redio ni kile chombo kilichowekwa juu ya meza, na idhaa ni wale watu walio upande wa pili. Ama "uraibu", ambalo zamani lilitajwa sana pamoja na tambuu na tumbaku, nadhani ndilo lifaalo kwa shughuli tunayoizungumza, kwa kuwa lachanganya starehe na mazoea yasiyoachika.

3. Jinsi wimbi fupi lisafirivyo

Mawimbi mafupi ni yale yenye masafa baina ya megahezi 3 na 30, yaani yenye urefu wa mita 100 hadi 10. Tabia yake yaeleweka vizuri tukiyalinganisha na mawimbi ya FM. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi. Yakikutana na mlima, au yakifika pale dunia inapojipinda, hukoma. Kwa hiyo kituo cha FM hutumikia mji na viunga vyake, na kila mji hauna budi kuwa na mnara wake.

Mawimbi mafupi hupanda juu hadi kwenye tabaka za hewa ambazo miale ya jua imezitia chaji za umeme, nazo huitwa ayonosfia. Tabaka hizo zaanza kiasi cha kilometa 60 juu ya ardhi na kuendelea hata kupita kilometa 300. Huko mawimbi hupindwa yakarudishwa chini, mbali sana na yalikotoka. Mruko mmoja waweza kufika kilometa 4,000 hivi. Wimbi likigonga ardhi au bahari laweza kuruka tena. Nairobi na London zimetengana kwa kilometa 6,800 hivi, kwa hiyo sauti yafika kwa miruko miwili au zaidi. Kuwapo kwa tabaka hizo kulikisiwa mwaka 1902 na Arthur Kennelly na Oliver Heaviside, kila mmoja kwa upande wake. Edward Appleton alilithibitisha jambo hilo kwa majaribio katika miaka ya 1920, akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1947.

Kutokana na miruko hiyo latokea jambo lililowashangaza wasikilizaji wengi. Baina ya mtambo na mahali wimbi linapotua pana eneo la kimya, ambamo sauti haisikiki au yasikika kwa shida. Ndiyo maana idhaa ya mbali yaweza kuja wazi kama aliye chumbani, na ile ya nchi jirani ikawa ya kunong'ona. Tena hali hubadilika kwa saa. Mchana tabaka ya chini humeza mawimbi yenye masafa madogo, na msikilizaji hutafuta mita bendi za 13, 16 na 19. Jua likishatua tabaka hiyo hutoweka, na mita bendi za 31, 41 na 49 zikafunguka kama soko la jioni. Juu ya hayo uko mzunguko wa jua wenyewe, wa miaka 11 hivi, ambao huzidisha na kupunguza madoa yake. Miaka ya madoa mengi ndiyo miaka ya neema kwa mita bendi za juu.

4. Uraibu wenyewe

Kutokana na ugumu huo ndipo uraibu ulipozaliwa. Kama kila idhaa ingalisikika wakati wote, pasingalikuwa na sifa ya kuinasa. Waraibu wa kimataifa hujiita kwa herufi mbili, DX, ambazo ni mkato wa wapiga simu za upepo wenye maana ya umbali. Kazi yao ni kutafuta idhaa za mbali, kuzitambua, na kupata ushahidi kwamba wamezisikia.

Vifaa vyao havikuwa vingi. Palihitajika redio yenye mita bendi kadhaa, waya mrefu uliofungwa kutoka dirishani hadi mtini, daftari, na saa. Wenye uwezo waliagiza kitabu kiitwacho World Radio TV Handbook, ambacho kimekuwa kikiorodhesha idhaa za dunia tangu mwaka 1947. Kabla ya redio za transista kuenea, tatizo kubwa lilikuwa bei. Jaribio mashuhuri la kulitatua lilifanywa Lusaka mwaka 1949, ilipotolewa redio ya betri ya mawimbi mafupi iliyotiwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini, kwa bei ya pauni 5. Watu waliiita redio ya sufuria. Transista zilipokuja, redio ikawa nyepesi ya kutundikwa begani mwa mchungaji.

Kila aliyesikia idhaa ya mbali aliweza kuiandikia taarifa. Taarifa hiyo ilitaja tarehe, saa, masafa, mambo yaliyotangazwa, na hali ya usikivu. Kwa hali ya usikivu palikuwa na mizani ya mambo matano: nguvu ya sauti, bughudha ya idhaa nyingine, kelele za anga, kufifia kwa wimbi, na ubora wa jumla. Kila jambo lilipewa alama kuanzia 1 hadi 5. Msikilizaji aliyeandika 55555 alisema kwamba hapana kasoro. Aliyeandika 43433 alisema kwamba sauti yaja, lakini haiji peke yake. Idhaa, ikiridhika, ilimpelekea kadi ya uthibitisho, aghalabu yenye picha ya mnara au ya mandhari ya nchi. Ili kuzisaidia idhaa maskini kulipa stempu, wasikilizaji walitia ndani ya bahasha kuponi za majibu za kimataifa, ambazo mashirika ya posta ya dunia yalikuwa yameziafiki tangu mwaka 1906.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki alikuwa na kazi ya ziada ambayo wenzake wa Ulaya hawakuwa nayo, nayo ni kazi ya tafsiri ya saa. Ratiba ziliandikwa kwa saa za Greenwich. Saa 15:30 ya huko ni saa 18:30 ya Afrika Mashariki, na katika Kiswahili ni saa kumi na mbili u nusu jioni. Mtoto aliyetumwa kumfungulia babu yake redio alilazimika kuzijua hesabu hizo tatu, na wengi walizijua kabla hawajafundishwa shuleni.

Mwandishi wa makala haya alilelewa katika nyumba ambamo ami yake alikuwa na daftari la namna hiyo. Kila ukurasa ulikuwa na safu nne: saa, mita bendi, jina la idhaa, na "maneno". Katika safu hiyo ya nne hakuandika habari za dunia. Aliandika maneno ya Kiswahili ambayo hakuwa ameyasikia kabla, pamoja na idhaa iliyoyasema. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa nikitazama kazi ya mwanaleksikografia asiye na cheo. Alipofariki, daftari hilo lilikwenda na vitu vingine vilivyodhaniwa kuwa havina faida.

Yafaa pia tukumbuke kwamba sisi hatukuwa wasikilizaji tu, tulisikilizwa. Kwa miaka mingi mtambo wa Dole, Unguja, ulitangaza katika kilohezi 11,735, na waraibu wa Ulaya na Marekani waliuwinda kwa hamu. Watu wasiojua neno moja la Kiswahili waliketi usiku wa baridi wakingoja fidla na ganuni za taarabu zipenye katika mvumo, kisha wakaandika katika taarifa zao kwamba wameisikia Zanzibar.

5. Kuzuka kwa idhaa za Kiswahili

Utangazaji wa kimataifa kwa mawimbi mafupi ulianza kushika mizizi mwishoni mwa miaka ya 1920, Uholanzi ikiwa miongoni mwa watangulizi mwaka 1927. Redio ya Vatikani ilianza mwaka 1931 kwa mtambo uliojengwa chini ya usimamizi wa Marconi mwenyewe, na BBC ilifungua idhaa yake ya himaya tarehe 19 Desemba 1932. Lakini idhaa hizo hazikusema Kiswahili. Nchini Kenya kwenyewe, matangazo yaliyoanza Nairobi mwaka 1928 yalikusudiwa walowezi.

Aliyebadilisha mambo ni Cairo. Mwaka 1954 redio ya Misri ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa sauti zake zilizojulikana sana ni ya Ahmed Rashad Ali, mtu wa Zanzibar. Watu walioambiwa kila siku kwamba ukoloni ni jambo la kawaida sasa walisikia, kwa lugha yao wenyewe, kwamba ni dhuluma. Serikali ya Uingereza iliingiwa na wasiwasi, na Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyosikika kwa mara ya kwanza tarehe 27 Juni 1957, haiwezi kuelezwa bila ya kutaja mashindano hayo.

Baada ya hapo idhaa zilifuatana. Peking ilianza Kiswahili mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, na Sauti ya Ujerumani, yaani Deutsche Welle, mwaka 1963. Moscow, India na Japani nazo zikaingia. Addis Ababa palikuwa na Sauti ya Injili, iliyotangaza katika lugha nyingi za Afrika na Asia, Kiswahili kikiwa mojawapo, tangu mwaka 1963 hadi serikali ya kijeshi ilipoitwaa mwaka 1977. Ili sauti zifike vizuri, mataifa yenye uwezo yalijenga mitambo ya kupokezana karibu na wasikilizaji. Wajerumani walijenga Kigali, Waholanzi wakajenga Madagaska mwaka 1972, na Waingereza wakajenga Shelisheli, ambako mtambo ulianza kazi mwaka 1988.

Afrika Mashariki yenyewe haikukaa kimya. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwapa wapigania uhuru nafasi katika idhaa yake ya nje, na kutoka huko vyama vya ukombozi vya Afrika Kusini, Namibia na Msumbiji vilizungumza na watu wao waliokuwa chini ya utawala wa kibaguzi na wa kikoloni. Kwa hiyo lilikuwa jambo la kawaida, katika usiku mmoja na kwa kuzungusha kitufe kimoja, kusikia tukio moja likielezwa kwa Kiswahili na pande tatu zisizopatana. Msikilizaji alijifunza kupima. Aliposikia "wapigania uhuru" huku na "magaidi" kule, alitambua kwamba neno lina mwenyewe, na kwamba tafsiri si kazi isiyo na upande. Somo hilo vyuo vyetu hulifundisha kwa vitabu vizito. Wazee wetu walilipata barazani.

6. Kunyamaza kwa idhaa

Kunyamaza hakukuja kwa siku moja. Sababu zake ni nne, nazo zaingiliana.

Sababu ya kwanza ni ya kisiasa. Vita baridi vilipokwisha na Urusi ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, hoja ya kulipia propaganda ya mbali ilipungua nguvu katika mabunge ya kila upande. Sababu ya pili ni gharama. Mtambo wa mawimbi mafupi wa kilowati 250 au 500 hula umeme mwingi, na minara yake hukalia ardhi kubwa. Sababu ya tatu ni wapinzani wapya. Nchini Kenya vituo vya FM vya watu binafsi vilianza mwaka 1996, vikafuatiwa na setilaiti, simu za mkononi na intaneti. Idhaa za ng'ambo zenyewe ziligundua kwamba ni nafuu kukodi FM mijini. Ile ya China ilifungua kituo chake Nairobi mwezi wa Januari 2006. Sababu ya nne haitajwi sana, nayo ni kelele. Vifaa vya umeme vya siku hizi, hasa chaja za bei rahisi na taa za LED, hutoa mvumo unaoziba mawimbi mafupi. Mji umekuwa kiziwi kwa kelele zake wenyewe.

Matokeo yake yaonekana katika tarehe. Uswisi iliacha mawimbi mafupi mwaka 2004, Sweden mwaka 2010. Mwezi wa Januari 2011 BBC ilitangaza kwamba matangazo yake ya Kiswahili, pamoja na yale ya Rwanda na Burundi, yataondolewa katika mawimbi mafupi kabla ya mwezi wa Machi kwisha. Kanada na Uholanzi zilifunga mwaka 2012, na Urusi mwaka 2014. Mtambo wa Shelisheli ulizimwa mwezi wa Machi 2014, na wa Kigali mwezi wa Machi 2015. Australia, ambayo waraibu waliitambua kwa kicheko cha ndege wake aitwaye kookaburra, iliondoka tarehe 31 Januari 2017. Channel Africa ya Johannesburg, yenye idhaa ya Kiswahili, iliyaacha mawimbi mafupi mwishoni mwa Machi 2021. Kisha, mwezi wa Machi 2025, karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima kwa amri ya serikali yao, na idhaa iliyokuwa ikitangaza tangu mwaka 1942 ikanyamaza ghafula. Mgogoro wake ukaishia mahakamani.

Haitakuwa haki kusema kwamba hewa imekuwa tupu. China yaendelea kutangaza kwa nguvu. New Zealand ilifunga mtambo mpya mwaka 2024 kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki. Tena kila inapozuka vita, wimbi fupi hukumbukwa. Mwezi wa Machi 2022 BBC ililirudisha kwa ajili ya watu wa Ukraine, na mwezi wa Mei 2023 ilianzisha matangazo ya dharura ya Kiarabu kwa ajili ya Sudan, miezi michache tu baada ya kuifunga redio yake ya Kiarabu iliyokuwa na umri wa miaka 85. Jambo hili lina funzo. Njia iliyoitwa ya kizamani wakati wa amani ndiyo ikimbiliwayo wakati wa shida.

7. Ni nini kilichopotea?

Wapo watakaosema kwamba hapana kilichopotea, kwa kuwa habari zile zile zapatikana katika simu. Hoja hiyo ina nguvu, wala siipuuzi. Kijana wa leo asikilizaye kwa simu hupata sauti safi isiyofifia, na aweza kuisikiliza tena apendapo. Lakini hoja hiyo yasahau mambo matatu.

La kwanza ni uhuru wa kufika. FM huhitaji leseni ya serikali ya mahali, na leseni yaweza kufutwa. Mwezi wa Oktoba 2014 Rwanda ilisimamisha matangazo ya BBC kwa Kinyarwanda. Mwezi wa Mei 2018 Burundi ilisimamisha BBC na Sauti ya Amerika, na mwaka 2019 ikaifutia BBC kibali chake kabisa. Intaneti nayo ina mlango mmoja na ufunguo wake uko mkononi mwa mtu; Uganda iliifunga wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Mawimbi mafupi yaweza kubughudhiwa, lakini si rahisi kuyafungia mlango. Aliye mbali na mji, asiye na fedha za kununulia data, ndiye aliyepoteza zaidi, naye ndiye asiyesikika akilalamika.

La pili ni lugha ya pamoja. Mtangazaji wa FM wa Nairobi husema na Nairobi, na Kiswahili chake hufuata mitaa ya Nairobi. Hilo si kosa. Kila hadhira ina haki ya lugha yake. Lakini mtangazaji wa mawimbi mafupi alisema kwa mara moja na mtu wa Mombasa, wa Mbeya, wa Bujumbura na wa Lubumbashi. Mkenya husema "shule ya upili", Mtanzania husema "shule ya sekondari". Aliyesikilizwa na wote wawili alilazimika kuchagua, au kuyatumia yote mawili mpaka yakazoeleka. Watu wa Mombasa, Unguja, Tanga na bara walikaa katika chumba kimoja cha habari, wakiwa na taarifa ya Kiingereza mbele yao na saa moja tu ya kuitafsiri. Chumba hicho kilikuwa kamati ya istilahi isiyo na mwenyekiti, iliyokutana kila siku na kutoa maamuzi yake hewani kabla ya jua kuchwa. Hatuna budi kukiri kwamba mchango wake haujapimwa.

La tatu ni maandishi ya wasikilizaji. Idhaa hizo zilipokea barua kwa wingi kutoka kwa watu ambao hawakuandika mahali pengine popote: wakulima, mabaharia, makarani, wanafunzi. Walitoa salamu, waliuliza maswali, walitunga mashairi, na waliwasahihisha watangazaji kwa ukali uliojaa adabu. Kwa mwanaisimu jamii hiyo ni hazina ya Kiswahili kilichoandikwa bila mhariri. Idhaa inapofungwa, ofisi hubadilishwa matumizi, na karatasi huwa mzigo.

8. Hitimisho

Uraibu wa kusikiliza haujafa. Siku hizi mtu aliye Nairobi aweza, kwa njia ya intaneti, kukiongoza chombo cha kupokelea kilichoko Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na kusikia mawimbi mafupi yapitayo huko. Ni kinaya kwamba intaneti iliyoliua wimbi fupi ndiyo sasa ilihifadhiyo kwa waraibu. Lakini chombo hicho husikia tu kilichopo hewani leo. Sauti za mwaka 1960 hakizirudishi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu ambayo idara zetu zaweza kuyaanza bila ya kungoja fedha nyingi. Kwanza, watafutwe watangazaji wastaafu wa idhaa za ng'ambo, wengi wao wakiwa wamerudi pwani na bara, wahojiwe kuhusu jinsi walivyotafsiri na walivyobishana juu ya maneno. Pili, wanafunzi watumwe kwa wazee wao wakaulizie kanda, kadi za uthibitisho, barua na madaftari ya ratiba, ambayo mengi bado yamo masandukuni. Tatu, idhaa zilizosalia na zile zilizofungwa ziombwe nakala za kumbukumbu zao za Kiswahili, ziwekwe katika maktaba za Afrika Mashariki na siyo za ng'ambo peke yake.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ami yangu alikuwa na daftari, na hata hivyo mali yake ilipotea, kwa sababu hapakuwa na mtu nyumbani aliyejua kwamba ni mali. Kazi hiyo ya kujua ndiyo yetu. Wenye madaftari ya namna hiyo wangali hai, lakini si kwa muda mrefu.